Usimuulize Hali, Muulize Amekula Nini

Nimestaafu, na tayari nimechoka kupumzika. Siku ya kwanza nilipanga kabati, nikagombana na muuza maziwa, nikapatana naye, na adhuhuri ilikuwa bado haijaadhiniwa. Basi nyinyi mliobaki kwenye dawati la safari, mliosema siku ya kuniaga, "Bi Maimuna, tuandikie yale unayoyajua," mmejitakia wenyewe. Nimeandika kama ninavyosema, na mwajua ninavyosema.

Kwa asiyetujua, nieleze kwanza kazi yetu. Kampuni yetu hukagua shehena. Ngano ikiloa melini, mashine ikivunjika njiani, saruji ikiganda ikawa mawe, mwenye mali na mwenye bima hugombana, na sisi humtuma mkaguzi aende akaitazame kwa macho yake. Shehena haichagui mji wa amani kuharibikia. Ukiniuliza mimi, hupenda hasa kuharibikia pale pasipoendeka. Dawati la safari humpeleka mkaguzi huko na kumrudisha akiwa mzima, na viatu vyake miguuni. Mimi sikuwa mkaguzi hata siku moja. Nilikaa hapa hapa kisiwani Mombasa, kwenye ile afisi iliyo hatua chache kutoka Mji wa Kale, nikawahangaikia walio mbali. Pasipoti nilikuwa nayo, lakini ilikaa mtotoni mwa kabati, kwenye droo, safi kama ilivyotolewa.

Niliingia kama opereta wa simu. Mkuu wa dawati la safari alikuwa Bwana Kilonzo, Mkamba mrefu, mkimya, aliyekuwa stesheni masta kabla ya kuja kwetu. Kofia yake ya reli alikuwa bado nayo, ameitundika msumarini juu ya meza, na ole wako uiguse. Alinisikia siku moja nikizungumza na nahodha mwenye hasira, akaja akaniambia, "Sauti yako haina haraka. Njoo kwangu." Nikahama meza.

Siku ile ya kwanza alinipa tiketi ya mkaguzi mmoja akaniuliza, "Kesho adhuhuri huyu bwana atakuwa wapi?" Nikaisoma tiketi, nikamtajia nchi. Akatikisa kichwa. "Nchi si mahali, Bi Maimuna. Mahali pana mlango. Atakuwa nyuma ya mlango gani?" Nikashinda siku nzima nikitafuta huo mlango kwa teleksi na kwa simu za kuzungusha, na nilipoupata, pamoja na jina la mwenye funguo, aliniagizia chai ya maziwa. Kwa Bwana Kilonzo hiyo ndiyo ilikuwa sherehe.

Kanuni yake kubwa aliitoa relini. Treni haiondoki mpaka stesheni ya mbele ijibu kwamba njia iko wazi na iko tayari kuipokea. Ikishaondoka, stesheni ya nyuma haifungi kazi mpaka iambiwe imefika. "Binadamu ni treni isiyo na reli," alikuwa akisema, "kwa hiyo ndiye wa kuangaliwa zaidi." Vyombo vimebadilika. Tulikuwa na teleksi, ikaja faksi, ikaja simu ya setilaiti nzito kama tofali, na sasa mna simu zinazowaonyesha mtu alipo kwa kidoa cha buluu. Kidoa kizuri. Lakini kidoa hakijui kama mlango umefungwa kwa ndani au kwa nje.

Yale madogo madogo mnayajua, nitayapitia haraka. Nakala ya pasipoti iwe mahali pengine mbali na pasipoti. Dawa zibebwe mkononi, zisiwekwe kwenye sanduku la kupakiwa. Chumba kisiwe cha chini wala kisiwe juu sana. Usipige picha daraja, hata likiwa zuri namna gani. Na dereva anayekuja kukupokea, usimtajie jina lako. Hili la dereva lilinipa taabu kuliko yote, kwa sababu mtu wetu wa Mombasa akipewa salamu na mgeni, hutaja jina lake, na la babake, na mtaa, na pale babu alipozikwa, kabla hajaulizwa. Nikawafunza wakaguzi: muulize yeye kwanza, "Umemfuata nani?" Kama hajui, na aendelee kungoja.

Tabu nyingine ilikuwa mizigo. Mtu wa Mombasa hasafiri peke yake, husafiri na vifurushi vya mtaa mzima. Ikisikika tu kwamba fulani aenda ng'ambo, jioni ile ile mlango wake utapigwa hodi: halwa ya wifi, leso za bibi arusi, kifurushi kidogo "wala hakina uzito, mwanangu." Kukataa ni utovu wa adabu, na kuuliza kuna nini ndani ni utovu mkubwa zaidi. Mkaguzi wetu mmoja, Bwana Omari, mtu mzima mwenye ndevu zake nyeupe, alibebeshwa kifurushi cha jirani. Watu wa forodha ya huko alikokwenda walipokifungua, wakakuta unga wa rangi ya udongo uliofungwa kwa mifuko ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Ulikuwa ni liwa, ule msandali wa kusaga ambao wanawake wetu hupaka usoni. Sasa nani amweleze nani? Yeye hajui lugha yao, wao hawajui liwa. Walimweka chumbani mchana kutwa. Mwishowe aliomba maji, akaukoroga ule unga, akajipaka mashavu yote mawili mbele ya maafisa. Wakacheka hadi wakamwachia. Alinipigia simu uso ukiwa bado umepakwa.

"Maimuna," akaniambia, "leo nimekuwa mwari."

Nilicheka mpaka nikafuta machozi. Kisha nikaacha kucheka, kwa sababu kuna miji ambayo wasingecheka. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: mzigo uufunge mwenyewe, au ufunguliwe mbele yako. Wanawake wa mtaani walinisengenya, "Maimuna amekuwa forodha," na kwenye harusi moja Bondeni niliketishwa mbali kabisa na sinia la biriani. Nikala wali mkavu, na sheria haikubadilika.

Sasa nifike kwa Swaleh.

Swaleh alikuwa mkaguzi kijana, hodari, mwana wa Bi Zuhra wa Mji wa Kale. Adabu yake ilikuwa imepita kipimo. Akiingia afisini huanza kumsalimu bawabu, akamaliza na paka. Bwana Kilonzo alikuwa amekwisha kustaafu, kofia ameniachia mimi, na dawati lilikuwa langu. Tulimtuma Swaleh kwenye mji mmoja wa bandari kutazama ngano iliyoloa. Mji wenyewe sitautaja. Una watu wema, na wamechoka kusikia ukitajwa kwa bunduki tu. Nilimtafutia hoteli yenye ukuta, mlinzi na milango miwili ya kutokea, na dereva tuliyemjua miaka, wa kumpokea na kumrudisha uwanjani. Kila siku baada ya magharibi nilimpigia simu.

"Masalkheri, Swaleh. U hali gani?"

"Njema, alhamdulillah, Bi Maimuna. Sijui nyinyi?"

"Sisi njema. Jana ulilala salama?"

"Nililala salama, namshukuru Mungu. Bwana Omari hajambo? Na yule paka?"

Siku zote mazungumzo yalikuwa hayo, na mimi nikafunga simu nikaenda zangu nyumbani. Hebu niwaulize, kuna kosa gani hapo? Sote tuliuliza hivyo, tangu enzi za teleksi. Lakini kwetu sisi hali ni njema daima. Mtu nyumba yake inaungua atakwambia njema, akuulize watoto, akuulize mguu wa mamako, ndipo aseme "ila". Na simu ya mbali hukatika kabla ile "ila" haijafika.

Asubuhi moja habari zikaja kwamba vikundi viwili vimeanza kupigana katika mji ule, barabara zimefungwa na simu za kawaida zimezimwa. Dereva wetu alikuwa na simu ya setilaiti. Nikamwambia aende hoteli amchukue Swaleh, ampeleke nyumba ya wakala wetu karibu na uwanja wa ndege. Nikakaa nikingoja. Akanipigia.

"Bibi, mgeni wako hayupo. Alihama."

"Alihama lini?"

"Hapa wasema alilala siku ya kwanza tu. Wakaja watu wakamchukua. Walikuwa wakicheka, bibi. Yeye pia alikuwa akicheka."

Mkurugenzi wetu alifika mbio kutoka Kizingo na gari lake, akasimama mbele yangu akitoa jasho. "Hoteli ina ukuta na mlinzi," akawa anasema. "Mtu mwenye akili ahame kwa nini?" Akaenda kuwapigia watu wa ubalozi, na alifanya vyema. Lakini mimi niliendelea kuyafikiria maneno ya dereva: watu waliomchukua walikuwa wakicheka. Kijana wa Mji wa Kale, aliyelelewa kama alivyolelewa Swaleh, nani awezaye kumtoa hotelini huku anacheka? Nikatwaa buibui langu nikashuka kwa miguu hadi kwa mamake.

Bi Zuhra alinikaribisha, akanivutia kiti, akaniuliza hali. Nikamwambia njema. Nikamuuliza yake, akaniambia njema, ila goti. Moyo wanidunda, na huku naulizwa habari za dadangu wa Lamu, nami najibu! Ndivyo tulivyo. Mwisho nikamshika mkono.

"Bi Zuhra, Swaleh alala wapi huko alikokwenda?"

Akanitazama kama niliyeuliza jua lachomoza wapi. "Kwa Shufaa, bila shaka. Binti wa mamangu mdogo ameolewa huko. Mwanangu alale hoteli kama mtu asiye na kwao, na Shufaa yupo? Watu watasemaje?"

"Mbona hakutuambia?"

"Atawaambiaje na nyinyi mmemkataza kulala kwa jamaa? Aliona haya kuwavunjia sheria, akaona haya kumvunja moyo Shufaa." Kisha uso wake ukabadilika. "Kwani kuna nini, Maimuna?"

Nikamweleza, bila kuzungusha. Hakupiga kelele. Alitoa simu kifuani akaitia mkononi mwangu.

Simu ya Bi Shufaa haikuwa ikipatikana. Lakini Bi Zuhra alikuwa na kundi la ukoo kwenye simu yake, lile la kutumiana dua za Ijumaa na picha za watoto wachanga. Akatia sauti humo: nani ajuaye habari za Shufaa? Majibu yakaanza kumiminika kutoka Mombasa, Malindi na ng'ambo. Mmoja wa mabinti wa Bi Shufaa, aliyekuwa akisoma nchi nyingine, akasema kuna mwenye duka jirani na mamake, ana mtandao wake wa setilaiti, na namba yake hii hapa. Ubalozi ulikuwa bado unaomba jina la Swaleh liandikwe vizuri. Tukamtumia huyo mwenye duka sauti, na alasiri ikaingia ya Swaleh.

"Mama, mimi njema, alhamdulillah. Niko kwa mama mdogo, sote wazima. Nyinyi hamjambo? Goti vipi?"

Bi Zuhra alilia kwa furaha. Mimi sikulia. Nilijiambia, njema hii nimekula siku zote, na haijanishibisha. Nikachukua simu nikatia sauti yangu.

"Swaleh, mimi Maimuna. Hali sikuulizi. Leo umekula nini?"

Jibu lilichelewa. Lilipokuja, sauti ilikuwa chini.

"Tende, Bi Maimuna. Kilichobaki wamepewa watoto. Mimi nimewaambia nimefunga."

"Dirishani waona nini?"

"Sioni kitu. Dirisha tumeliziba kwa godoro."

Hapo ndipo niliijua hali yake, kwa maneno ambayo adabu haikuwahi kuyafunza kujificha. Chakula kimekwisha, risasi zinapita mtaani, na mgeni anashinda na njaa kwa heshima. Nikaogopa kweli kweli. Kisha nikaikumbuka ile kofia ya msumarini, nikaanza kazi.

Dereva wetu hakuweza kuingia mtaa ule. Alikuwa mtu wa upande wa pili wa mji, na siku zile upande ulikuwa ni hukumu. Ikabidi Swaleh atolewe kwa stesheni. Tulizipanga na mume wa Bi Shufaa na yule mwenye duka, sauti zikienda na kurudi. Asubuhi risasi zilikuwa zikitulia kidogo watu wakiteka maji. Katika mwanya huo mume wa Bi Shufaa angemtoa mlangoni hadi msikitini. Mtu wa msikitini angempeleka hadi kwa muoka mikate, ambako mtaa unakwisha. Kwa muoka mikate angekuja dereva wetu. Hakuna kuondoka hapa kabla ya pale kujibu.

Swaleh alikataa. "Nitawaachaje hawa, Bi Maimuna? Wamenilisha chakula cha watoto wao."

Kabla sijajibu ikaingia sauti ya mwanamke, nzito, yenye uchovu na kicheko ndani yake. Ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia Bi Shufaa. "Watu wamezoea kusema mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo, baba, mgeni nenda, mwenyeji apone. Sisi ni wa hapa, twajulikana. Wewe sura ngeni ndiyo itakayotuletea maswali. Nenda, na salamu kwa Zuhra. Halwa yake ilikuwa na iliki nyingi."

Asubuhi yake nilikuwa nimekaa sebuleni kwa Bi Zuhra, simu mbili mapajani. Msikiti ulijibu: njia wazi. Nikasema aondoke. Akatoka, akafika, tukaambiwa. Nikauliza kwa muoka mikate. Kimya. Nikauliza tena. Kimya.

Mwanya wa maji ulikuwa unakwisha, na kila mmoja wetu alilijua hilo. Bi Zuhra akasimama. "Mwambie akimbie! Ni pale tu, wamesema ni pale tu!"

"Stesheni haijajibu, Bi Zuhra."

"Mwambie aende, Maimuna!"

"Simwambii."

Akanitazama, akaniambia, "Ungekuwa umezaa, usingekaa hivyo."

Sikuzaa, ni kweli. Mungu hakunipa, na mtaa mzima wajua. Neno lile lilinichoma pale nisipokuwa na ngao, na simu zangu ziko mapajani, na kidole changu kiko karibu na kitufe. Neno moja tu, "nenda," lingemnyamazisha. Niliitazama simu mpaka macho yakaniuma, na sikusema.

Ndipo muoka mikate akajibu, kwa kunong'ona. Gari lenye wenye silaha lilikuwa limesimama mbele ya tanuri lake wakinunua mikate, akashindwa kuishika simu. Sasa limeondoka. Njia wazi, mleteni.

Nikasema, "Aende." Akaenda. Dereva akasema, "Nimempata, bibi, na amepewa mkate." Ndipo nilipolia mimi, kwa sauti, kama mtoto.

Ilichukua siku kadhaa kumfikisha nyumbani, kwa ndege ya watu wengine na kupitia mji mwingine. Mwajua safari zetu hazihesabiwi kuwa zimekwisha mpaka mtu avuke Makupa aingie kisiwani. Zamani Kibarani, pale kabla ya kuvuka, palikuwa jaa la mji mzima, na wakaguzi wakifika pale walifunga vioo, wakapiga simu afisini wakasema neno moja, "Nimenusa." Siku hizi pamesafishwa, pana nyasi na miti, hakuna cha kunusa, na bado mwasema neno lile lile. Jioni ile Bi Zuhra alikuwa ameketi kando yangu afisini. Simu ilipolia nilimpa yeye.

"Nimenusa," Swaleh akasema, na mamake hakuelewa, akamuuliza kama ana mafua.

Alipokata simu aliniambia, "Nilikwambia neno baya."

"Nililisikia."

"Nisamehe, dadangu."

"Nimekusamehe. Kusahau bado, mpaka unipikie mkate wa sinia." Akaupika, kila Ijumaa, mwaka mzima, na iliki nyingi vile vile.

Mkurugenzi alitaka Swaleh afukuzwe kwa kuvunja sheria. Nikamwambia sheria yenyewe ndiyo iliyovunjika. Tuliiandika kana kwamba watu wetu hawana jamaa, na mtu wa pwani ana jamaa kila bandari. Ukimkatazia jamaa atakwenda kwa siri, na siri ndiyo hatari. Ukoo uliomtoa hotelini ndio uliomtoa mtaani akiwa hai. Basi tangu hapo, kabla ya safari, humuuliza mtu: huko una nani? Wampelekea nani halwa? Nyumba ile nayo tunaiulizia mlango, funguo na njia ya pili ya kutokea, kama hoteli. Na magharibi hatuulizi hali. Twauliza: umekula nini, umekula na nani, dirishani waona nini, kesho watoka na nani. Mtu aweza kusema njema kwa mazoea. Hawezi kusema pilau kwa mazoea na huku ana njaa. Atasita, na kusita kwake ndiko tunakokusikiliza.

Swaleh aliomba kuhamia dawatini. Nilimfundisha kama nilivyofundishwa, na chai ya maziwa nilimwagizia kwa nadra. Siku nilipostaafu nilimwachia kiti, na ile kofia.

Na sasa niwaambie la mwisho, kisha mrudi kazini. Mji ule umetulia. Si peponi, lakini soko limefunguliwa na meli zinapakua. Bi Shufaa, ambaye tangu siku ile hatukuacha kutumiana sauti, alikuwa akimwoza yule binti yake aliyetupa namba ya mwenye duka. Akaniambia, "Umewatuma watu maisha yako yote. Sasa njoo wewe." Nikaitoa pasipoti mtotoni mwa kabati. Ilikuwa imekwisha muda bila kuona muhuri hata mmoja, nikatengenezewa mpya.

Swaleh alinihoji kama mshukiwa. Nyuma ya mlango gani? Funguo kwa nani? Bi Zuhra alileta halwa, nikaifungua mbele yake nikaichungulia, akaninunia. Uwanjani niliposhuka kijana akanikimbilia akitabasamu, mimi nikamkazia macho, "Umemfuata nani?" Akalitaja jina langu na la babangu na akaniambia Bi Shufaa amemwonya kwamba nitamhoji. Tulikumbatiana na Bi Shufaa mlangoni pake, watu wazima wawili, tusijue nani aanze kulia.

Baada ya magharibi simu ikalia.

"Bi Maimuna, umekula nini?"

"Njema, alhamdulillah," nikasema.

"Hali sikukuuliza, Bi."

Lo! Miaka yote ile, na ulimi wangu mwenyewe umenikimbilia huko huko! Nikacheka, nikamwambia ukweli: wali wa nazi, samaki wa kupaka, na ndizi mbivu, na nimekula na watu wasiopungua nyumba nzima, na kesho natoka na Bi Shufaa kwenda kwa muoka mikate, nataka kumwona uso.

"Na dirishani waona nini?"

"Watoto wacheza mpira. Mwenye duka afunga duka lake. Nguo zimeanikwa. Dirisha liko wazi, Swaleh."

"Na godoro?" akauliza, sauti chini.

"Godoro nimetandikiwa mimi," nikamwambia. "Leo nalilalia."